Trela la plastiki la 1/24: gurudumu la nyuma haligusi chini, na rangi imefanya ukungu

Mpita_Gongoni (Malindi)

Salaam, ndugu zangu. Naomba msaada wa wale waliowahi kuunda malori madogo ya plastiki, au hata wa mtu yeyote aliyeshika gundi na msasa kwa kazi inayohitaji macho na subira.

Shemeji yangu alipokuja likizo kutoka Italia aliniletea seti ya trela bapa lenye mbao za ubavuni, la kipimo cha 1/24, lenye ekseli tatu na gurudumu moja pana kila upande wa ekseli. Sina nia ya kuliunda kama lilivyochorwa kwenye kasha, likiwa linang'aa na limeandikwa jina la kampuni ya Ulaya. Kazi yangu hunipitisha Gongoni na Marereni karibu kila wiki, na trela ninalolitaka ni lile linalotoka kwenye mashamba ya chumvi: turubai limefungwa kwa kamba, mbao zimechubuka, na chasisi imeliwa na kutu mpaka rangi inabanduka kama magamba ya samaki.

Taabu imeanza kabla sijafika huko. Boriti mbili ndefu za chasisi, ambazo zikikamilika zina urefu wa zaidi ya nusu mita, zilikuja kila moja kwa vipande viwili vya kuungwa katikati. Nilikosa gundi ya plastiki hapa mjini, nikatumia supaglu ya dukani. Niliunga boriti, kisha nikapachika vile vipande vya kukingama kimoja baada ya kingine, nikiwa nimeishika kazi mkononi. Kila kiungo kilishika barabara. Lakini nilipotia magurudumu na kuliweka trela mezani, gurudumu la nyuma la kushoto lilibaki hewani, na sarafu ya shilingi ishirini hupita chini yake bila kugusa chochote. Nikilikandamiza likae chini, la mbele la kulia linainuka.

La pili ni rangi. Nilizipulizia mbao za ubavuni rangi ya buluu ya kopo, jioni moja baada ya mvua, nikiwa barazani. Ilipokauka ilikuwa imefunikwa na weupe kama maziwa yaliyomwagwa na kufutwa vibaya. Je, nianze upya, au kuna namna ya kuliokoa trela hili?

Fundi_Bodi (Malindi)

Bwana Mpita Gongoni, mimi nimeunda bodi za malori ya kweli kwa miaka mingi, na haya madogo nimeyaanza baada ya kustaafu, wajukuu waliponiletea la kwanza. Nakusihi usivunje kitu mpaka ujue kosa limekaa wapi, kwa maana gurudumu linaloning'inia huweza kusababishwa na chasisi, au ekseli, au hata meza.

Nimeitaja meza kwa makusudi. Meza nyingi za nyumbani zimepinda na mwenyewe hana habari. Tafuta kipande cha kioo cha dirisha chenye urefu wa kutosha, ukilaze juu ya blanketi lililokunjwa. Ng'oa magurudumu yote, uilaze chasisi kifudifudi, yaani upande wa sakafu ya trela uwe chini juu ya kioo. Kata vipande vinne vyembamba vya karatasi ya gazeti, uweke kimoja chini ya kila pembe, halafu uvute kimoja kimoja taratibu. Karatasi iliyobanwa itakataa kutoka, na iliyo chini ya pembe iliyoinuka itatoka kama unyoya. Zikitoka kwa urahisi mbili zinazotazamana kwa mshazari, au moja tu, basi chasisi imejipota kama kamba, na huo ndio ugonjwa wako. Zikibanwa zote nne, chasisi haina hatia. Rudi kwenye ekseli, utakuta moja haikukaa vizuri katika tundu lake, au limebaki tone la gundi kavu lililoizuia isiingie mpaka mwisho.

Kuna jambo moja usilichanganye na kujipota. Ukiitazama chasisi kwa ubavu, huenda ukaona imeinuka kidogo katikati, kama mgongo wa punda anayepumzika. Usiinyooshe. Matrela bapa ya kweli hutengenezwa makusudi yakiwa na mgongo, ili mzigo unapowekwa boriti zishuke na kukaa sawa badala ya kubonyea. Trela tupu lisilo na mgongo kabisa, mimi nikiliona barabarani, husema hilo limebebeshwa kupita kiasi maisha yake yote. Kwa kuwa lako litakuwa na shehena, mgongo mdogo sana unatosha, lakini uwe sawa kwa boriti zote mbili.

Dhana yangu, kwa jinsi ulivyoeleza, ni chasisi. Umeunga vipande vya kukingama ukiwa umeshika kazi hewani, na supaglu hushika kabla mtu hajamaliza kukohoa. Kila kipande kilichoingia kikiwa kimekaa upande kidogo tu kilikifungia upande kile kilichofuata.

Mwana_wa_Matondoni (Lamu)

Assalamu alaikum. Naingia ingawa sisi wa kisiwani trela hatulioni mpaka tuvuke Mokowe. Mimi huchonga majahazi madogo ya kuwekwa sebuleni, na hivyo vipande vya kukingama mnavyovitaja, kwetu ningeviita mataruma. Taruma likiingia kwa nguvu hukiharibu chombo chote, kiwe cha mbao au cha plastiki.

Kaka yangu wa Malindi, kosa lako limekuja na bahati yake. Ungetumia gundi halisi ya plastiki, kazi ingekuwa imekwisha, kwa sababu gundi ile haigandishi bali huyeyusha: kipande hiki na kile huwa kitu kimoja, na kuvitenganisha ni mpaka msumeno. Supaglu haiyeyushi. Hukaa katikati ya vipande viwili kama utando mgumu, na utando huo ukipata baridi kali huwa dhaifu, hukatika kama biskuti. Itie chasisi ndani ya mfuko wa plastiki, uufunge vizuri usiingie maji, uiweke kwenye friza usiku kucha. Asubuhi itoe, na kabla haijapata joto, tia ncha ya wembe mwembamba penye kiungo na uinyonge kidogo tu. Utasikia mlio mdogo, na taruma litaachia. Usikae nayo mkononi ukifikiri. Joto letu la Pwani litaurudishia utando nguvu katika dakika chache, na itakubidi uirudishe barafuni.

Usije ukashawishiwa na mtu akakwambia utumie dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Ni kweli huiyeyusha supaglu, lakini ile yenye asetoni huiyeyusha na plastiki yenyewe, na hutabakiwa na boriti bali uji.

Ukishavitenganisha, kwangua mabaki ya gundi kwa wembe, usiguse plastiki zaidi ya inavyohitajika. Kisha tengeneza kalibu ya mbao kabla ya kuunga chochote. Chukua ubao ulionyooka, upigilie vipande viwili vya mbao vyenye ukingo ulionyooka, na kati yake uache nafasi iliyo sawa kabisa na upana wa chasisi kwa nje. Boriti zako zitalala humo, zimebanwa kwa vibanio vya nguo, nayo mataruma yataingia juu yake yakiwa hayana pa kwenda isipokuwa mahali pake. Pima kwa rula kutoka pembe hadi pembe, mshazari wa kwanza na wa pili. Vipimo vikilingana, chasisi ina pembe mraba. Lakini rula haitakwambia kama imejipota. Hapo rudi kwenye kioo na karatasi za gazeti za Mzee Fundi Bodi, kwa sababu chombo kinaweza kuwa mraba na bado kikalala upande.

Boriti yenyewe ikiwa imepinda tangu kiwandani, na ndefu hupenda kupinda, irekebishe ikiwa peke yake kabla ya kuungwa. Plastiki hii ni polistirini, na huanza kulegea ikikaribia nyuzi 100. Kwa hiyo maji yanayotokota ni hatari: chemsha, epua, subiri yatulie dakika chache, ndipo uizamishe boriti kwa muda wa kuhesabu hadi thelathini. Itoe, uilaze kwenye kioo, uibane kwa rula ya chuma, umwagie maji baridi ikiwa bado imebanwa.

Fundi_Bodi (Malindi)

Nakubaliana na ndugu wa Matondoni kwa yote. Naongeza la gundi tu, kwa kuwa umesema umeikosa. Nenda duka la vifaa vya ujenzi ununue thina, ile ya rangi za gari. Chukua kichupa cha kioo chenye kifuniko cha bati, ukatekate humo mabaki ya matawi yaliyokuwa yameshika vipande kwenye kasha, umimine thina mpaka yafunikwe, uache usiku kucha. Asubuhi utakuta uji mzito wa plastiki ileile, rangi ileile. Huo ndio gundi na puti kwa pamoja: mzito wa kuziba mianya, na ukiongeza thina ukawa mwepesi, unaupitisha kwa brashi kwenye kiungo kilichokwisha kushikanishwa nao unajiingiza wenyewe. Jaribu kwanza kwenye kipande kisicho na kazi, kwa maana thina hazifanani. Fungua madirisha, na usiifanye kazi hii karibu na jiko.

Ukishaunga, iache chasisi ndani ya kalibu siku nzima. Kiungo hushika mapema, lakini plastiki iliyoyeyuka hukauka ndani polepole, na anayeitoa mapema huipa nafasi ya kujipota tena.

Mama_Brashi (Malindi)

Habari za kazi, ndugu zangu. Nimewaachia chasisi, nami nijibu la rangi.

Weupe ule ni unyevu. Thina iliyo kwenye rangi hukauka kwa kasi sana, na inapokauka huupoza uso wa kitu unaopakwa rangi, kama spiriti inavyompoza mtu kwenye ngozi. Hewa ya jioni baada ya mvua imejaa maji, na maji hayo hugeuka umande juu ya uso uliopoa, yakanaswa ndani ya rangi kabla haijafunga. Wapaka rangi wa magari wanaujua ugonjwa huu, na ndiyo maana wengi hukataa kupulizia kukiwa na mawingu mazito.

Kwa hapa petu, alfajiri na jioni ndizo saa mbaya zaidi. Mimi hupulizia kati ya saa nne na saa sita mchana, umande umekwisha kuondoka na upepo wa baharini haujaanza kuvuma kwa nguvu ukaleta mchanga. Fanya kazi kivulini, si juani, maana juani rangi hukauka hewani kabla ya kufika na kukaa kama vumbi. Kopo lizamishe kidogo katika maji ya vuguvugu, ya kuogeshea mtoto, kisha ulitikise kwa dakika mbili nzima. Maji ya moto, hapana. Kopo lile lina shinikizo.

Zile mbao ulizokwisha kuziharibu, usizikwangue bado. Subiri siku kavu, saa hizo nilizokutajia, uzipulizie tena rangi ileile kwa ukungu mwepesi sana, kutoka mbali kiasi cha shubiri moja na nusu. Thina mpya hulegeza rangi ya chini kidogo na kuuachia unyevu, na mara nyingi weupe huondoka wenyewe. Lakini uwe mwepesi kweli. Umemsikia Mzee akisema thina ya gari huyeyusha plastiki mpaka ikawa uji. Basi na rangi ya gari ina thina hiyohiyo, na ukiimwaga kwa wingi juu ya plastiki isiyo na praima, yaani rangi ya kwanza ya kutangulia, zile alama ndogo za mishipa ya mbao zilizochongwa kiwandani zitapotea. Je, uliviosha vipande kwa maji na sabuni kabla ya kupulizia? Hukusema. Vipande vinapotoka kwenye kalibu ya kiwandani huweza kuja na mafuta, na rangi haishiki juu ya mafuta.

Na weupe ukibaki kidogo, kwa trela la chumvi mimi ningeuacha. Umeomba lionekane limechakaa, nawe umepewa bure.

Mpita_Gongoni (Malindi)

Nashukuru sana, wazee wangu na dada yangu. Nimefanya kama mlivyoniagiza, na naleta majibu.

Karatasi ya gazeti ilitoka bila kukwama kwenye pembe moja, kwa hiyo chasisi ndiyo yenye hatia. Niliilaza kwenye friza, chini ya paketi ya changu, na mke wangu amelizungumzia jambo hilo zaidi ya mara moja. Mataruma sita kati ya tisa yaliachia kwa wembe. Matatu yalikataa, nikayarudisha barafuni usiku wa pili. Mawili yakakubali, na moja likavunjika katikati, nikaliunga kwa uji wa thina. Nilipozitazama boriti zikiwa peke yake niligundua kwamba ya kushoto ndiyo iliyokuwa na kosa la asili: nilipounga vile vipande vyake viwili, kimoja kilikuwa kimegeuka kidogo kama mtu aliyegeuza shingo. Mataruma yalikuwa yakifuata tu.

Sasa trela limekaa juu ya kioo kwa magurudumu yote, isipokuwa la nyuma la kushoto, ambalo bado linapitisha karatasi moja ya gazeti, si mbili. Weupe umeondoka kwenye mbao tatu, na kwenye ya nne umebaki pembeni, nimeuacha.

Maswali yaliyobaki ni mawili. Nataka kuondoa mifuko ya hewa iliyochongwa juu ya ekseli na kuweka springi za bapa, kama za matrela ninayoyaona njiani, nitumie nini? Na shehena ya chumvi, je, nitumie chumvi yenyewe?

Fundi_Bodi (Malindi)

Karatasi moja si kosa. Gurudumu hilo lisugulie msasa kidogo upande wa chini, pale tairi linapokalia barabara, na sehemu hiyo iliyobapa ndiyo itakayoonyesha kwamba tairi limebeba mzigo. Ila sugua yote sita, na hilo la kushoto lisugue kidogo kuliko wenzake.

Springi zikate kwenye vikopo vya mtindi. Tazama chini ya kikopo: ukiona namba 6 ndani ya pembetatu, hiyo ni polistirini, na uji wako utaishika. Springi ya trela yenye upana wa milimita 76 huwa kama milimita 3.2 kwa kipimo chako. Kata vibapa saba au vinane, kila kimoja kifupi kuliko cha juu yake, uvizungushie chupa ya dawa vipate mkunjo kabla ya kuviunga. Na ukiingia katika kubadilisha, jua kwamba mengi ya haya ya kwetu yana tairi mbili mbili kila upande wa ekseli, yaani kumi na mbili badala ya sita. Hilo nakuachia wewe na mfuko wako.

Siku ukitafuta kichwa cha kulivuta, angalia kipimo kwenye kasha. Seti za Ulaya, kama za Italeri, kwa kawaida ni 1/24, na za Marekani, kama za AMT, ni 1/25. Tofauti huonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kontena la futi 40 ni milimita 508 kwa kipimo cha kwanza na kama 488 kwa cha pili. Kichwa cha 1/25 huweza kuliinamisha trela lako mbele. Na bamba la namba lianze na herufi Z, maana ndiyo ya matrela hapa Kenya. Nimeona watu wakiweka K kwenye trela.

Mama_Brashi (Malindi)

Chumvi yenyewe usiitie. Itavuta maji usiku, itatoa jasho chini ya turubai, na ekseli kama ni za waya wa chuma utapata kutu ya kweli usiyoiomba. Sukari nayo itaita sisimizi. Jaza kitanda cha trela kwa sponji iliyokatwa kimgongo mgongo, kwa kuwa turubai litaifunika. Zile sehemu ndogo zinazochungulia pembeni, nyunyizia unga wa jiwe la matumbawe lililosagwa ukachekechwa kwa kitambaa, juu ya gundi nyeupe ya seremala.

Turubai ni karatasi laini ya kupangusia mikono. Itenganishe, uchukue tabaka moja tu, uilaze juu ya sponji, upitishe gundi nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu kwa brashi laini, ukiivuta ishuke kwenye mbao na kufanya mikunjo. Iache siku nzima. Ikikauka huwa ngumu kama ngozi ya ngoma, ndipo uipake rangi, kijani iliyofifia au ile ya udongo.

Mwana_wa_Matondoni (Lamu)

Kamba za kufungia turubai hilo usitumie uzi wa cherehani, una manyoya. Ukiukuza macho utaona kamba yenye ndevu. Pitisha uzi wa pamba kwenye nta ya mshumaa mara mbili, uubane na kuuvuta kwa vidole, manyoya yatalala. Fundo lifunge upande wa nyuma wa kulabu, usilikate karibu sana mpaka tone la gundi nyeupe limekauka.